Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu: Ubao wa kupimia urefu wa watoto uko wapi?

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu,

Assalaam alaykum. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia kwa heshima zote, ila sitakuficha kwamba subira imenifika kooni.

Jumanne ya wiki iliyopita nilimpeleka mjukuu wangu kliniki. Ametimiza miaka miwili. Nesi akamning'iniza kwenye mzani, akasoma kilo 10 na gramu 300, akajaza kadi, akasema, "Bibi, uzito wake uko vizuri, mrudishe mwezi ujao." Maneno hayo nimeambiwa tangu mwaka jana. Nikamwuliza, na urefu je? Maana jirani yangu ana mjukuu aliyezaliwa wiki moja na huyu wangu, na wakisimama pamoja wangu anamfika mwenzake begani. Nesi akajibu kuwa ubao wa kupimia urefu ulivunjika, wameandika barua, wanasubiri.

Nikapanda bodaboda, shilingi 6,000 kwenda na kurudi, hadi zahanati ya kata ya jirani ambako ubao upo. Wakamlaza, wakamnyoosha miguu, wakasoma sentimita 79. Mtoto wa kiume wa miaka miwili akipimwa amelala, akiwa chini ya sentimita 81.7 anahesabiwa amedumaa. Yule binti aliyempima aliniambia taratibu, kwa upole, nami nikalia mbele za watu na umri wangu huu.

Miezi yote hiyo mzani ulikuwa unasema kweli yake. Kilo 10 na ushee zinatosha kwa umri wake kwenye kadi. Mashavu anayo, anacheza, anacheka. Udumavu hauonekani kwa mzani wala kwa macho ya bibi anayempenda mtoto wake. Unaonekana kwenye ubao, na ubao hatuna.

Mheshimiwa, nikukumbushe. Mwaka jana, kabla minada ya korosho haijaanza, ulisimama kwenye mkutano wa hadhara pale sokoni. Ulisema Septemba 2022 wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe Dodoma mbele ya Rais Samia, na kwamba kila halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Ukasema vifaa vya kupimia vitafika zahanati zote "ndani ya mwezi". Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, kwenye mkeka, na mtoto huyu mgongoni. Nilipiga makofi. Tangu siku hiyo korosho zimeuzwa, ushuru umekatwa kwenye kila kilo, na msimu mwingine umefika. Shilingi 1,000 ya mjukuu wangu imenunua nini?

Sisemi kosa lote ni lako. Nimekaa nikahesabu lilipoingia tatizo, na mengine yaliingia kwa mlango wangu mwenyewe. Mama yake, binti yangu, alipata mimba akiwa na miaka 16, kidato cha pili. Alificha hadi mwezi wa sita, kwa hiyo kliniki alianza akiwa amechelewa na vidonge vya kuongeza damu alimeza vichache. Mtoto akazaliwa na kilo 2.2, wakati chini ya 2.5 ni uzito pungufu. Mtoto wa namna hiyo anaanza safari akiwa nyuma.

Alipofika miezi mitatu nilimpa uji. Nakiri. Tulikuwa tunashinda shambani, mama yake hakuweza kunyonyesha mchana, na uji wa muhogo ndio uliokuwepo. Tulitakiwa kumpa maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita. Nilikuja kulisikia hilo Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, nikiwa nimeshachelewa. Baada ya hapo chakula chake kikawa chetu: ugali wa muhogo na mlenda, kisamvu, ming'oko (viazi vya porini) ikipatikana. Mayai ya kuku wangu nauza. Korosho nauza zote. Mwaka huu mwezi wa saba niliuza gunia mbili kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wanaonunua korosho kabla ya mavuno kwa bei ya chini, nikiwa najua napunjwa, kwa sababu mtoto alikuwa na malaria na mfukoni sina kitu.

Na maji. Mimi naamini hapa ndipo penye shina la yote, ingawa mimi si daktari. Unajua uwanda wetu wa Makonde: mchanga unameza mvua yote, mto hakuna. Kisima changu cha kuvunia mvua kinakauka kiangazi, bomba la kijiji linatoa siku moja kwa wiki, ndoo tunanunua shilingi 500. Ukiwa na ndoo mbili kwa nyumba ya watu saba, utanawa mikono mara ngapi? Mjukuu wangu ameharisha kila masika tangu aanze kutambaa. Tunamtibu anapona, wiki ya pili anaharisha tena. Chakula kidogo anachopata hakikai mwilini, kitamjenga vipi?

Najua utaniambia kuwa mkoa wetu hauko peke yake. Kweli. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionesha watoto 30 katika kila 100 nchini wamedumaa, na Iringa, wanakovuna mahindi mengi kuliko sisi, ni 57. Lakini mwaka 2010 nchi nzima ilikuwa 42. Imeshuka, maana yake inawezekana kushuka. Sasa itashuka vipi hapa kwetu kama hatupimwi?

Kupima hakumrefushi mtoto, naelewa. Ila angepimwa akiwa na miezi tisa mtu angeniambia, Bibi, huyu anabaki nyuma, acha kuuza mayai, chemsha maji, saga karanga na dagaa utie kwenye uji. Ningefanya. Wallahi ningefanya. Wataalamu wanasema siku zenyewe ni 1,000, tangu mimba inapotunga hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Za mjukuu wangu zimekwisha, na hakuna aliyeniambia zinakwisha.

Nilitaka kukuomba mengi: maji, bei, posho ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaotembea kwa miguu kijiji hadi kijiji. Yote bado nayataka. Lakini leo naomba kimoja. Ubao wa kupimia urefu, zahanati yetu, sasa. Kama fedha hakuna, toa kipimo tumpe fundi wetu wa mbao autengeneze, na nesi aje auhakiki. Mbao tunazo.

Binti yangu ana mimba nyingine, ya miezi minne. Atajifungua mwezi wa tatu, In shaa Allah. Mtoto huyo nataka apimwe urefu siku atakayozaliwa.

Ni mimi,
Bibi wa mtoto, mkulima wa korosho,
Uwanda wa Makonde, Mtwara.