Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wasomaji wa Historia, Kisumu

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua. Vikao tisa vya mwezi vilifanyika, vitabu vya maktaba vilihesabiwa, waliofiwa walipelekewa rambirambi, na usajili wetu umehuishwa. Kumbukumbu ziko kwa katibu.

Nije kwenye pesa za safari ya Rabai, mji wa misheni ya zamani karibu na Mombasa, safari iliyovunjika. Nimesoma yote yaliyoandikwa kwenye kundi letu la WhatsApp, kwamba pesa zimeliwa na zirudishwe, hata yale yaliyofutwa baadaye. Tulipanga watu 33, kila mmoja Sh 8,500. Waliomaliza kulipa ni 11. Sita walitoa 4,000 kila mmoja, wakanyamaza. Jumla 117,500. Mwenye basi alikataa kurudisha arbuni ya 30,000, zikabaki 87,500. Kamati, kwa pendekezo langu, ikaona kama hatuendi Rabai basi Rabai ije Kisumu. Mabango 12 ya maonyesho juu ya fidia za mateka yaligharimu 42,000, ukumbi na viti kwa siku mbili 18,500, na 27,000 ziko benki. Anayesema pesa zimeliwa akaone risiti kwa mweka hazina.

Kuna walioniuliza mateka wa zamani wanatuhusu nini sisi watu wa ziwa. Hakuna kati yetu asiyejua harambee, na fidia ya mateka ilikuwa harambee. Bango la tatu lilionyesha namna ilivyoendeshwa. Mwaka 1693 mabaharia wa New York, ikiwa bado koloni la Uingereza, walikuwa mateka Salé, Morocco. Gavana Benjamin Fletcher alitoa kibali cha kuchangisha, kwa kuwa bila kibali yeyote angeweza kupita akiomba kwa jina la mateka. Sadaka ilikusanywa na pesa zikawekwa mikononi mwa wadhamini. Tatizo likawa muda. Barua ilivuka bahari kwa miezi, na pesa zilipokuwa tayari, wengine walisemekana wamekufa na wengine wametoroka. Mwaka 1697 pesa hizo zikaelekezwa kwenye ujenzi wa kanisa la Trinity mjini humo. Sisemi mabango yetu ni kanisa. Nasema mchango uliopoteza kazi yake ya kwanza haukuanzia kwa kamati hii.

Bango la tano lilihusu bei, na ndilo lililosimamisha watu muda mrefu. Mwaka 1676, katika vita vya Massachusetts kati ya walowezi wa Kiingereza na wenyeji wa Amerika, mlowezi Mary Rowlandson aliambiwa na wenyeji waliomteka ataje mwenyewe kiasi ambacho mumewe angetoa. Akitaja kidogo watamdharau na kumweka, akitaja kikubwa nyumbani hawatapata. Akasema pauni 20, na ndizo zilizotolewa, kwa michango ya watu wa Boston. Mchangaji akijulikana ana uwezo, bei hupanda. Ndiyo sababu Marekani ilipopoteza mabaharia 21 mikononi mwa Algiers, dola ya bandari Afrika Kaskazini, mwaka 1785, Thomas Jefferson, balozi wake Ufaransa, alitaka watawa wa Kikatoliki waliozoea kazi ya kukomboa mateka waulizie bei kimyakimya, huku serikali ikijifanya imewasahau. Mjumbe wake wa kwanza alikuwa ameruhusiwa dola 200 kwa kichwa, naye akadaiwa dola 59,496 kwa wote. Walioishi walitoka mwaka 1796. Ujanja wa kunyamaza ulikuwa na gharama yake: mateka waliamini kweli wamesahauliwa.

Kisha Rabai kwenyewe. Watumwa watoro wa pwani walikuwa wamejaa kwenye misheni, na wenye watumwa wakawadai. Mwaka 1888 George Mackenzie wa Kampuni ya Imperial British East Africa alikubaliana nao dola 25 kwa kila mtoro. Zilihitajika takriban pauni 3,500, zilizotoka kwa kampuni, serikali ya Uingereza na wamisheni. Tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru. Mzee mmoja alisimama ukumbini akapinga: hiyo si fidia ya mateka, ni fidia ya mwenye mali. Kiswahili kinatupa neno moja kwa yote mawili, na tulibishana hapo mpaka bawabu akaanza kuzima taa. Mimi nakubaliana na mzee. Aliyelipwa ni aliyejiita mwenye mtu, na utumwa pwani uliendelea kutambuliwa na sheria mpaka 1907.

Kosa moja nalikubali. Fomu yetu haikusema pesa zitafanyiwa nini safari ikivunjika. Fomu mpya itasema. Lakini kurudisha pesa sasa hakuwezekani, na kikao kilichopitisha matumizi kiliitishwa kihalali. Wanaolalamika zaidi hawakuhudhuria.

Na mahudhurio ni aibu. Tuko 64 kwenye daftari. Siku ya kwanza ya maonyesho walikuja 14, siku ya pili 9, na wanafunzi wa sekondari walitushinda kwa idadi. Najua Jumamosi ni siku ya matanga, ndiyo maana niliweka na Jumapili baada ya ibada. Mabango yalibebwa kwa gari langu na kwa mafuta yangu, sikudai senti.

Ada ya mwaka ni Sh 1,200. Waliolipa ni 23. Wengine 41 wanadaiwa 49,200, na wawili kati yao wamo kwenye kamati.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatumaini kupeleka mabango Kakamega na Nakuru, na safari ya Rabai itafikiriwa tena hali ikiruhusu. Mabango kwa sasa yako nyuma ya kabati la maktaba. Tafadhali msiyaegemeze viti.

Wenu,
Mwenyekiti