Kwa nini bia ya Mwanza haifiki Nairobi?

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wengine huenda wakaliona la mzaha, lakini sisi tunaopenda kuionja bia badala ya kuigugumia tu hatulioni hivyo. Niliendesha malori ya masafa marefu kwa miaka ishirini na mitatu, nikitoka Mombasa kwenda Kampala na Kigali, na mara nyingine nikielekea Mwanza kupitia mpaka wa Sirari. Kila nilipoegesha gari jioni na kuketi mahali pa kupumzika, bia niliyowekewa mezani haikuwa ile niliyoiacha nyuma. Sasa nimestaafu, ninaishi Umoja, na ninashangaa kwamba jiji hili tunaloliita kitovu cha Afrika Mashariki halina nafasi kwa bia za Afrika Mashariki.

Katika duka kubwa lililo karibu nami, rafu ya vileo imejaa bia za Uholanzi, Ujerumani na Mexico, zilizovuka bahari hadi kutufikia. Nimeulizia bia za Safari na Balimi za Tanzania, na Nile Special ya Uganda, katika duka hilo na katika baa zisizopungua sita za upande huu wa mji, nisipate hata moja. Mhudumu mmoja, binti mwenye heshima zake, alinisikiliza hadi mwisho kisha akaniuliza, "Mzee, hiyo Safari ni ya kwenda wapi?"

Sisemi kwamba bia yetu ni mbaya. Tusker, ambayo imekuwa ikitengenezwa Ruaraka tangu miaka ya 1920, ina kileo cha asilimia 4.2, ni nyepesi, na mchana wa jua kali mbele ya sahani ya nyama choma sioni cha kuishinda. Hata hivyo, kuna jioni ambazo mtu hutaka kitu kizito zaidi. Nile Special, inayotengenezwa Njeru, ng'ambo ya mto ukitoka Jinja, hufika asilimia 5.6, na utamu wa kimea hukaa ulimini kabla uchungu haujafuata. Safari ya Tanzania ina asilimia 5.5, na mimi huiona kavu kuliko ile ya Uganda. Primus tuliyokunywa Kigali ilikuja katika chupa ya sentilita 72, ambayo utingo wangu aliibandika jina la mtungi. (Wanaovuka mpaka wajihadhari: chupa tatu za huko si chupa tatu za hapa.) Tofauti hizo huzitambui ukiinywa bia ikiwa imegandishwa. Ndiyo maana ninapoulizwa "baridi au moto?", swali ninalolisikia Nairobi kama nilivyolisikia Mwanza, mimi hujibu moto, wacheke wanaocheka.

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja kwa basi kutoka Mwanza akiniletea chupa nne za Balimi, bia ya wakazi wa Kanda ya Ziwa, kama jina lenyewe la wakulima linavyoonyesha. Alizifunga kwa magazeti na kuzitia katikati ya nguo zake. Moja ilipasuka njiani, na shati lake la kanisani likafika Nairobi likinuka baa. Zile tatu nilizinywa kwa siku tatu, moja kila jioni, bila haraka. Nilipomaliza nilizipeleka chupa kwenye duka la vileo la mtaani, kama ninavyofanya na chupa nyingine zote, lakini mwenye duka alizigeuzageuza, akatazama kreti zake, kisha akanirudishia. Hakuna lori ambalo lingezichukua.

Hapo ndipo nilipoelewa sehemu kubwa ya tatizo. Bia kwa kiasi kikubwa ni maji, ni mzigo mzito wenye faida ndogo kwa kila kilo, na chupa yake hutarajiwa kurudi kiwandani kuoshwa na kujazwa tena. Lori lililopeleka bia kilomita mia saba hulazimika kurudi na vioo vitupu. Bia ya Ulaya haina mzigo huo kwa sababu chupa yake hutupwa, na mnywaji huilipia. Tena, ingawa Umoja wa Forodha wa Jumuiya yetu ulianza mwaka 2005, kila nchi bado hujiwekea ushuru wake wa bidhaa kwa vileo. Historia nayo ina mchango wake. Wale tuliokuwa barabarani tunaikumbuka vita ya bia, Castle ya Afrika Kusini ilipokuwa ikitengenezwa Thika na Wakenya wakitengeneza bia yao Moshi, hadi mwaka 2002 wakubwa walipoelewana, kila mmoja akafunga kiwanda chake katika uwanja wa mwenzake. "Bia yangu, nchi yangu", kaulimbiu ya Tusker, ikabaki kuwa ukweli kuliko tangazo.

Siombi yasiyowezekana. Mbege ya Kilimanjaro, inayopikwa kwa ndizi na wimbi, huendelea kuchachuka hata baada ya kuiva, na busaa ni hivyo hivyo. Vinywaji vya namna hiyo ni wewe unayevifuata kwao. Lakini bia ya kiwandani hukaa miezi, na ikitiwa katika makopo haidai kurudishwa chochote. Wenye baa za River Road, ambako mabasi ya Arusha na Kampala hushusha abiria usiku na mchana, wangeanza na kreti chache tu za makopo hayo, nami ninaamini wateja wangepatikana kabla ya mwisho wa juma. Nao wanaokutana Arusha kuzungumzia biashara ya kanda wangeweza kuketi siku moja wakakubaliana kuhusu chupa za aina moja, ili chupa ya Mwanza ipokelewe Umoja na ya Ruaraka ipokelewe Mwanza.

Kwa sasa chupa zangu tatu zimesimama dirishani jikoni. Mama watoto ameniuliza mara mbili zitaondoka lini. Iwapo yupo msomaji anayesafiri kwenda Mwanza kwa gari lake mwenyewe na mwenye nafasi kidogo chini ya kiti, nitazileta hadi Sirari.

Dereva mstaafu,
Umoja, Nairobi.