Barua kwa mwanangu aliyeko Bangalore

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Huku Tanga sote wazima, na mvua ndo zimeanza. Ila simu ya juzi kuhusu kujifunza Kikannada, lugha ya wenyeji wa hapo Bangalore kusini mwa India, bado imenikaa rohoni, pale uliposema Kikannada cha nini mama, nikimaliza chuo si narudi zangu nyumbani. Nimeona bora nikuandikie maana kwenye simu ungenikatiza.

Hapo hapo mjini unapoishi alikuwepo mzee anaitwa G. Venkatasubbaiah. Alizaliwa 1913, akafariki Aprili 2021 akiwa na miaka 107. Baba yake alikuwa msomi wa Kikannada na Kisanskriti, yeye akawa mwalimu wa chuo hapo Bangalore, lakini kazi aliyoipa umri wake ni kamusi. Kamusi ya Kikannada kwa Kikannada, juzuu 8, mradi ulianza miaka ya 40 na juzuu la mwisho likatoka miaka ya 90, fikiria mwanangu, mtu anazaliwa anaoa anapata watoto na kamusi bado inaandikwa. Na hawakuandika maana tu, kila neno wanalitafutia mahali lilipotumika kwenye vitabu vya kale na maandishi ya mawe, na lugha hiyo ina jiwe lenye maandishi la karne ya 5, la kijiji cha Halmidi. Yeye ndo alikuwa mhariri mkuu.

Lakini kinachonigusa mimi zaidi ni ile safu yake ya gazetini, kwenye Prajavani, alianza 1991 wakati ni mzee wa karibu miaka 80. Iliitwa Igo Kannada, yani kama kusema Kikannada hiki hapa. Watu wa kawaida tu wanaandika kuuliza neno fulani limetoka wapi, na msomi mzima anakaa anawajibu, miaka na miaka. Serikali ya India ikampa nishani ya Padma Shri 2017, sawa anastahili, ila mimi namuona zaidi pale mezani na barua za watu.

Halafu hiyo lugha unayosema ngeni, sikiliza. Meza wanaita meju, sabuni sabunu, wakili vakila, tayari wanasema tayaru. Mengi ya hayo asili yake ni Kiarabu, kwao na kwetu. Na yule mzee alishughulika na hayo pia, maneno ya kuazima, hakuyaonea aibu.

Sasa nikwambie kwa nini nimeyashikilia hivi. Unalikumbuka lile daftari la kaunta lenye jalada jekundu? Nililinunua ili niandike maneno ya bibi yako ya kusuka mikeka, maana yeye kila nakshi kwenye ukili alikuwa anaijua jina. Anakaa barazani miyaa iko mapajani, anataja, mimi nasema subiri mama nitaandika kesho, nina nguo za kufua, nina nini. Nikajaza kurasa mbili na nusu tu. Alipofariki nikatoa ule mkeka wake wa chumbani nikauangalia, nakshi naziona zote, kuzitaja siwezi. Nimezunguka kwa wasukaji wenzake, wengine wameshatangulia, waliobaki wanakumbuka moja moja. Mkeka upo, umekunjwa juu ya kabati, na daftari nimeliweka ndani yake.

Ndo maana uliposema lugha ya watu cha nini niliumia. Zaidi ya watu milioni 40 wanaota ndoto kwa lugha hiyo, na wewe umekaa kwao miaka miwili unajua kusema asante tu.

Kesho ukitoka darasani pita kwa yule mama mwenye nyumba, muamkie kwa lugha yake, muulize mkeka wanauitaje kwao na zile sehemu zake zina majina gani. Usimuharakishe. Uniandikie, kurasa za daftari bado zipo nyingi.

Mama yako