Kupima masikio Jumatano: wazazi wa Kadutu, Bukavu, someni

Jambo baba na mama wote. Jumatano saa mbili asubuhi tunapima hapa shuleni masikio ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza hadi wa tatu. Ni bure. Karatasi ya ruhusa irudi na sahihi, bila hiyo mtoto hapimwi.

Mtoto anavalishwa visikilizio, mashine inatoa mlio mdogo sana, desibeli 20 tu, kwa hertzi 1000, 2000 na 4000 (namba ikipanda, mlio unakuwa mwembamba zaidi), sikio moja kwa zamu. Akisikia anainua mkono. Basi. Hakuna sindano, msiwatishe!

Mwaka jana tulipima wakati darasa la jirani linaimba hesabu, halafu mvua ikapiga mabati. Nusu ya watoto "hawakusikia". Tulirudia kazi yote. Safari hii tumepewa chumba cha nyuma, na mvua ikianza tunasimama.

Mtoto asipoinua mkono, si kusema ni kiziwi. Mara nyingi ni nta, au maji nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua. Atapimwa tena, akishindwa tena ndipo aende kwa daktari. Tafadhali msimchokonoe kwa kijiti wala kummiminia mafuta ya moto usiku wa Jumanne ili "afaulu".

Na yule mnayemwita mkaidi, anayeongeza sauti ya redio na kujibu "eeh?" kila mara, huyo hasa mumlete. Sikio linalotoa usaha lisingoje Jumatano, mpelekeni mtoto santé (kituo cha afya) leo.