Roboti ni "wa" au ni "ya"?

Ndugu Mhariri,

Vijana wanaoanza kutia maandishi ya Kiswahili kwenye tamthilia za anga na za majoka hapa Kampala huhangaikia msamiati. Watabishana wiki nzima kama chombo cha kuvuka nyota kiitwe merikebu au jahazi. Jina lolote mtazamaji atalizoea kufikia kipande cha pili. Kinachoharibu kazi ni ngeli, na ubaya wake ni kwamba kosa halionekani mapema. Linaibuka kipande cha tisa, wakati vinane vimeshasambaa kwenye flashi.

Sikuitaja tisa bure. Tazameni Star Trek: The Next Generation, msimu wa pili, kipande cha tisa, "The Measure of a Man" cha mwaka 1989. Data, ofisa wa chombo, ni mashine yenye umbo la mtu. Mtaalamu Maddox anataka kumfungua vipandevipande ili aweze kutengeneza wengine kama yeye, Data anakataa, na kesi inasikilizwa kuamua kama yeye ni mali au ana haki ya kujiamulia. Kwa Kiingereza Maddox humtaja Data kama kitu. Mwishoni ulimi unamgeuka, anamtaja kama mtu, na jaji anamwonyesha hilo papo hapo.

Sasa mtafsiri aandikaye "amekataa" kwa kila msemaji, Maddox akiwemo, ametoa hukumu kabla jaji hajaketi. Maddox lazima aseme "imekataa", "ifunguliwe", "inaiga tu". Kapteni Picard, anayemtetea Data, aseme "amekataa" tangu mwanzo. Riker, anayelazimishwa kumshtaki rafiki yake, ningempa "a-" nje ya mahakama na "i-" ndani yake, mtazamaji asikie jinsi inavyomuuma. Halafu Maddox akifika mwisho aseme "Wa ajabu" badala ya "Ya ajabu", na jaji ajibu, "Hukusema 'ya'." Hapo Kiswahili kinafanya kazi ileile kwa herufi chache zaidi. Na tafadhali, Data asiitwe "mtu wa bandia". Neno "mtu" likishaingia, Maddox hana kesi. "Androidi" inatosha, maana inakubali "a-" na "i-" bila ugomvi.

Mtego wa pili ni kinyume cha huo: mahali ambapo Kiswahili hakitofautishi. Katika Game of Thrones kuna utabiri wa mwana wa mfalme aliyeahidiwa, ambaye kwa Kiingereza ni wa kiume. Msimu wa saba, kipande cha pili, Missandei anaeleza kwamba katika lugha ya asili ya utabiri neno hilo halina jinsia, hivyo anaweza kuwa binti. Aliyeandika "mwana wa mfalme" tangu mwanzo atakwama hapo, kwa sababu Missandei atakuwa anasahihisha kosa ambalo halipo. Dawa ni kuandika "mwana wa kiume wa mfalme" kwenye misimu iliyotangulia, ijapokuwa ni maneno mengi. Ndiyo maana nasisitiza: tazama tamthilia yote kwanza, andika daftari la majina na ngeli zake, ndipo ufungue programu ya kuandikia.

Majoka nayo yaingie kwenye daftari hilo. Joka aliye hai apewe "a-" kama kiumbe. Viserion akishafufuliwa na adui katika msimu huohuo wa saba, geuzeni: "limebomoa ukuta". Mtazamaji atahisi baridi bila kuelezwa. Vijei wa Kiganda, yule anayesimulia filamu kwa sauti, ana "aka-" ya kumshushia mhusika hadhi, na sisi tuna "ki-" na "li-". Uhura wa Star Trek, kwa upande wake, asisahihishwe kuwa Uhuru. Jina lilitokana na neno letu, lakini liliachwa hivyo tangu 1966.

Kuhusu vipimo, kanuni ya kawaida ni mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 42, na maandishi yasikae zaidi ya sekunde 7. Kwa runinga ya kibanda cha video, inayotazamwa kutoka benchi la nyuma, mimi ningeshuka hadi 37. Vitenzi vyetu vinaokoa nafasi ("hawatatusamehe" ni herufi 14 tu na ni sentensi nzima), ila majina yanaila: "mashine ya kusafiria wakati" ni 27 pamoja na nafasi. Itaje kwa ukamilifu mara moja, baadaye iwe "mashine".

Maandishi yakianza sawa kisha yakazidi kuachana na midomo, msihangaike na vitufe vya G na H vya VLC, programu ya kuchezea video. Hivyo husogeza maandishi yote kwa kiasi kilekile, na hapa pengo linakua. Chanzo ni kasi ya picha: faili la maandishi limepimwa kwa picha 23.976 kwa sekunde, video inakwenda kwa 25. Kwa saa moja tofauti inafika kama dakika mbili na nusu. Fungua faili ndani ya programu ya Subtitle Edit, badilisha kasi kutoka 23.976 kwenda 25, hifadhi upya.

La mwisho ni ritifaa, ile alama ya juu katika ng'ombe. Simu nyingi huipinda zenyewe, na runinga isiyosoma UTF-8, yaani mfumo wa kuhifadhi herufi, huitoa kama takataka tatu: ng’ombe. Kwenye Herderboy ya Raymond Malinga, kazi ya Uganda iliyomo katika Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi za katuni wa 2023, hadithi nzima ni ya wachungaji na ng'ombe wao, basi fikirieni skrini itakavyojaa uchafu. Kabla ya kuhifadhi, tafuteni kila ritifaa iliyopinda muibadilishe kwa iliyonyooka.

Mtafsiri wa tamthilia,
Ntinda, Kampala