Jumamosi Hombolo: kila mtu aje na chumvi kidogo

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tunakutana Hombolo saa mbili usiku kutazama nyota. Njooni na mikeka na sweta, upepo wa bwawani si wa mchezo.

Juzi mmoja wetu aliuliza humu: gesi iliyo kati ya nyota haionekani, sasa wanasayansi wanajuaje ipo? Swali hilo sijaliacha tangu siku hiyo.

Februari 1987 ilionekana nyota ikilipuka katika Wingu Kubwa la Magellan (jina tu, ni galaksi ndogo jirani na yetu), miaka ya nuru kama 168,000 kutoka kwetu. Iling'aa hadi ikaonekana kwa macho matupu. Nuru yake ilipita katikati ya mawingu ya gesi kabla ya kutufikia, na kila elementi njiani ikala rangi yake. Ukiitawanya nuru hiyo kama upinde wa mvua, unaona mistari myembamba ya giza. Sodiamu hula mistari miwili kwenye manjano, karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 589.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba mistari ya sodiamu na kalsiamu ilikuwa mingi, kila mmoja umesogea kidogo, kwa sababu kila wingu lina mwendo wake na mwendo huo huisogeza mistari yake. Nyota moja ikawaonyesha mawingu mengi, moja nyuma ya jingine!

Ndiyo maana ya chumvi. Tutainyunyiza kwenye mwali wa jiko, mtaona moto unavyogeuka manjano. Ni sodiamu hiyohiyo, imo ndani ya chumvi.

Usafiri, niandikieni kabla ya Ijumaa mchana.