Mo Ibrahim na dizeli mliyoisahau

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, na samahani kama barua itakuwa ndefu, mi nikianza kuongea huwa sijui kusimama. Juzi mmetoa ukurasa wa matajiri wa Afrika na mle ndani kuna Mo Ibrahim, mkampa mistari minne tu, Msudani, aliuza kampuni ya simu, ana tuzo ya marais waliong'atuka vizuri, basi imeisha. Kijana wangu akasoma kwa sauti pale sebuleni afu akasema "ah, huyu mzee alibahatika tu, kakutana na simu bado mpya". Nikashindwa kunyamaza maana ugali niliomlelea huyo kijana umetoka kwenye minara ya simu.

Kuanzia 2004 nilikuwa kwa mkandarasi mmoja (jina tuliache, mshahara wa miezi miwili hajanilipa mpaka leo) tunapeleka dizeli na kufanya sevisi ya majenereta kwenye saiti za simu za Celtel, hiyo kampuni ya Mo, huko Sikonge na kuendelea njia ya Inyonga. Umeme wa gridi hakuna. Kila saiti ina majenereta mawili, moja linafanya kazi lingine linapumzika, na yote yanakunywa usiku na mchana. Masika gari likizama tunashusha pipa la lita 200, tunagawa kwenye madumu ya lita 20, vijana wa kijiji wanafunga kwenye baiskeli, dumu mbili mbili, wanasukuma kwenye tope mpaka saiti. Ukifika unachovya kijiti kwenye tenki, unasoma mita ya masaa ya jenereta, afu unamwangalia mlinzi usoni, maana masaa na lita mara nyingi vilikuwa havielewani kabisa. Dizeli ilikuwa inanyonywa na kila mtu alijua, taa za koroboi za kile kijiji zilikuwa hazijawahi kukosa mafuta haha. Sasa wewe mwenye kampuni uko London unapigiwa hesabu ya hiyo dizeli kwa mamia ya saiti, nchi kumi na kitu, hapo bahati iko wapi?

Na huyu mzee simu hakuzikuta barabarani. Kazaliwa 1946, Mnubi wa kaskazini mwa Sudan, kakulia Alexandria huko Misri, kasomea uhandisi, karudi kufanya kazi shirika la simu la kwao Sudan, afu 1974 akaenda Uingereza akasoma mpaka udaktari wa mawasiliano ya simu za mkononi wakati hizo simu zenyewe watu hawajaziona. 1983 akawa mkurugenzi wa ufundi pale Cellnet, kampuni ya simu za mkononi ya British Telecom. Kazi nzuri, mshahara mzuri, 1989 akaacha akafungua kampuni yake ya kuchorea wengine mitandao ya simu, MSI, akianzia nyumbani kwake. Hiyo MSI ndo ilikuja kuuzwa 2000 kwa zaidi ya dola milioni 900, kwahiyo kabla hatujaijua Celtel jamaa alishakuwa tajiri. Celtel yenyewe kaianzisha 1998. Piga hesabu mwenyewe, miaka 52! Vijana wetu wa sa hivi wakifika 27 hawajanunua gari wanaona wamerogwa.

Mwenyewe amewahi kusimulia kwamba alimuuliza bosi mmoja wa kampuni kubwa ya simu ya Uingereza kwanini hawachukui leseni ya Uganda, bosi akamjibu siwezi kwenda kwenye bodi yangu kuwaambia twende nchi ya yule kichaa Idi Amin. Mhariri, Amin katolewa 1979, na kama kuna watu wanaijua hiyo tarehe ni sisi, vijana wetu ndo walienda na wengine hawakurudi. Yaani miaka karibu 20 imepita na bosi wa watu bado anamwogopa mtu aliyekimbilia uhamishoni zamani. Wazungu walipoogopa kivuli ndo Mo akaona leseni ziko mezani hazina mwenyewe, mabenki nayo yakagoma kumkopesha ikabidi sehemu kubwa ajenge kwa hela za wanahisa. Na rushwa akaifungia mlango kwa ujanja mmoja rahisi sana, malipo yoyote yanayozidi dola 30,000 lazima bodi nzima isaini, kwahiyo mkubwa akimbana meneja wa nchi meneja anasema mzee mi natamani ila saini sio yangu. Hiyo mi naiona ni akili kuliko hata teknolojia.

Sisemi ni malaika. Mwaka 2001 hiyo Celtel, enzi hizo ikiitwa MSI Cellular, pamoja na Detecon ya Ujerumani walichukua 35% ya TTCL, kampuni yetu ya simu ya taifa, kwa makubaliano ya dola milioni 120, wakatoa 60, zilizobaki zikazua mvutano wa mahesabu ambao wazee wa TTCL ukiwagusa leo wanaanza upya. Na 2005, wakati wanajiandaa kuingia soko la hisa la London, akauza Celtel kwa MTC, kampuni ya simu ya Kuwait, dola bilioni 3.4, ikawa Zain, 2010 ikaenda kwa Wahindi ikawa Airtel. Mi iliniuma hiyo ya kuuza, ila najiuliza ni nani hapa kwetu angekuwa na hizo hela za kununua.

Kuna saiti moja ambayo kabla haijawashwa watu wote walikuwa wanapigia simu juu ya kichuguu nyuma ya shule, mtandao wa mbali unasoma pale tu, unashika upande mmoja kichwa umeinamisha. Tulivyowasha, vijiti vya mtandao kwenye simu vikajaa kijiji kizima mpaka jikoni. Lakini wiki mbili nzima bado tunawaona kina mama wanapanda kichuguu na vocha yao ya kukwangua mkononi, ukimwambia mama piga tu hapohapo anakuangalia kama unamtania.

Ombi langu, mkimuandika tena mpeni angalau nusu ukurasa, na ile picha yake ya tai muitoe. Picha ya saiti ya enzi zile ninayo, ina mapipa sita na mlinzi kakalia moja amesinzia. Mkiihitaji nitaileta ofisini kwenu mwenyewe.

Fundi jenereta mstaafu,
Tabora